Ndoo Saba Nyuma ya Mlango

Siku zile tulijua Kaka amefika nyumbani kabla hatujamwona. Alipiga mluzi tangu kona ya bomba la maji. Mama alisema, "Daktari huyo. Ongezeni maji ya chai."

Hakuwa daktari wa chochote bado. Majirani walimpa jina hilo akiwa na miaka sita, alipomfunga kuku mguu uliovunjika kwa kitambaa cha Mama. Kuku alipona, jina likabaki. Kitambaa hakikurudi.

Mimi niliishia darasa la tano. Kaka ndiye aliyeendelea kunifundisha, kwa chaki, nyuma ya mlango wa jikoni. Aliandika neno, nami nililisoma kwa kunong'ona. Nikikosea hakucheka. Alifuta, akasema, "Tuanze tena."

Alipopata nafasi ya kusomea udaktari chuo kikuu, mtaa mzima ulifurahi. Nami nikapata kazi hapohapo chuoni, kufagia na kupiga deki jengo la huduma za wanafunzi. Asubuhi tuliongozana.

Muhula wa pili, mluzi ulikoma. Chakula alikigusa tu. Mara kwa mara nilimwona nyuma ya maktaba, peke yake, begi halijafunguliwa. Siku moja nilijipa moyo.

"Kaka, darasani huendi?"

"Nenda kafagie."

"Nimeshafagia."

Alivuta begi akalipakata. Kisha akasema, "Nilifeli jaribio la kwanza. La pili sikwenda kabisa. Wiki ya tatu hii sijaingia darasani. Mtihani mkuu ukinipita, nimefutwa chuo. Na Mama kila siku Daktari, Daktari. Nikimtazama usoni, pumzi inakata."

"Basi nenda kwa mshauri wa wanafunzi. Chumba chake nakisafisha mimi."

"Pale? Pale wanakwenda vichaa na wanaofukuzwa."

"Nani kasema?"

"Kila mtu. Halafu ukitoka unatokea mbele ya kantini, wenzangu wote wamekaa na vikombe vyao. Nitoke na macho mekundu, niwapitie mbele kama bibi harusi? Siendi."

Kesho yake nilisafisha chumba cha mshauri. Alikuwa mama mtu mzima, amehamia mwezi ule. Meza yake aliisukuma ukutani, akaweka viti viwili vinavyotazamana. Nilikuwa namwamkia tu na kuondoka. Siku ile nilipiga deki mahali pamoja mara tatu.

"Binti, sakafu itatoboka," alisema. "Kuna neno?"

Nilisema huku natazama ndoo. "Kuna mtu anataka kuja. Anaogopa kuonekana akitoka."

Hakuniuliza ni nani. Alishusha pumzi.

"Si peke yake. Wengi wanaishia kwenye ngazi. Na chumba hiki kilijengwa na milango miwili kwa ajili hiyo. Wa mbele wa kuingilia. Wa nyuma wa kutokea, kupitia bustanini, aliyelia asipite mbele za watu. Lakini ule wa nyuma nausukuma, haufunguki. Fundi nimemwomba mara mbili."

Masikio yangu yalipata moto. Mlango ule haukuwa mbovu. Mshauri wa zamani alipostaafu, chumba kilifungwa miezi mingi. Mimi nikaona kibaraza cha nyuma kinafaa kuwa stoo yangu. Nilipanga pale ndoo saba, mafagio, na mapipa mawili ya sabuni, vyote vimeuegemea mlango. Tena nilijisifu kwa mpangilio.

"Fundi asije, mama," nilisema. "Ni ndoo zangu."

Alinitazama, akacheka mpaka akashika kiti. "Kumbe fundi ninaye humu ndani kila asubuhi!"

Tulihamisha vitu pamoja. Nilipata ujasiri nikauliza, "Akija, mtamfukuza chuo?"

"Mimi sina kalamu ya kumfukuza mtu. Namsikiliza, tunatafuta njia pamoja. Akiniruhusu, nazungumza na walimu wake. Akihitaji matibabu, namsindikiza zahanati. Anachosema humu hakitoki, isipokuwa maisha yake au ya mwenzake yakiwa hatarini. Hilo namwambia siku ya kwanza."

Nilitia bawaba mafuta. Nyumbani nikamkuta Kaka jikoni.

"Kwa mshauri kuna mlango wa nyuma, unatokea bustanini, na sasa umefunguka. Nimeupita mwenyewe."

Aliendelea kukoroga chai.

"Nilipokosea herufi, ulikuwa unaniambiaje?"

"Usinitege."

"Ulikuwa unaniambiaje, Kaka?"

Alitazama mlango wenye chaki. "Tuanze tena," alisema kwa sauti ndogo.

Alikwenda. Nilikuwa bustanini alipotoka, macho mekundu. Hakuna aliyemwona ila mimi.

"Jani moja unalifagia saa nzima," aliniambia. Ulikuwa utani wake wa kwanza baada ya wiki nyingi.

Nilishindwa kujizuia. Kesho yake nikamuuliza mshauri, "Amesemaje?"

"Nani?" aliniuliza, kama hajui mtu yeyote duniani.

Kaka alirudi kila wiki. Kwa ruhusa yake mshauri alizungumza na walimu, wakakubali ayarudie majaribio kabla ya mtihani mkuu. Nyumbani alitaka kusema mwenyewe.

"Mama, nilifeli. Na lile jina la Daktari linanilemea. Niite mwanangu."

Mama aliweka mwiko chini. "Kwani nilizaa daktari? Nilikuzaa wewe, tena na kichwa kikubwa kile, nusura uniue."

Tulicheka. Kaka alilia kidogo. Mtihani aliufanya akafaulu, ila somo moja alilirudia mwaka uliofuata. Jioni ile ya matokeo, mluzi ulisikika tangu kona ya bomba.

Miaka imepita. Mshauri yule amehamia chuo kingine, na mahali pake yupo mwingine. Kaka yuko hospitali ya mbali, na wagonjwa wake sasa wanamwita jina lile bila kumlemea. Chaki bado ipo nyuma ya mlango wa jikoni, imefifia.

Mimi bado nina funguo za jengo. Ndoo zangu zinakaa chini ya ngazi. Kila asubuhi, kabla sijagusa fagio, nafungua kwanza mlango wa nyuma. Siku nyingine mwanafunzi hutoka akijifuta macho. Namgeuzia mgongo, napiga mluzi ule wa Kaka, polepole, ajue hakuna anayemtazama.