Mlango wa Kichumba cha Ngazi

Kila siku akitoka shule, Bisibisi alipitia karakana ya baba yake kabla ya kwenda nyumbani. Jina hilo alipewa na baba mwenyewe, fundi wa milango na madirisha, kwa sababu tangu utotoni binti huyo hakuweza kuona kitu kilichofungwa kwa skrubu asitake kukifungua. Alifagia maranda, akarudisha misumari kwenye makopo yake, kisha akaketi nyuma kabisa, kwenye meza yenye kompyuta kuukuu iliyovuma kama mashine ya kusaga.

Hapo ndipo yeye na binamu yake, Kalamu, walipokuwa wakitengeneza gemu. Kalamu, mtoto wa shangazi yake, alichora picha. Bisibisi aliandika maelekezo ya kuzifanya picha hizo zitembee. Gemu yenyewe waliiita Mbeba Maji. Mchezaji hupanda ghorofa baada ya ghorofa ndani ya nyumba ya zamani, mkononi ana ndoo inayovuja, akimpelekea maji bibi aliye chumba cha juu. Ukizubaa, unafika na ndoo tupu, na bibi anakucheka mpaka meno yanamtoka.

Ilikuwa gemu tamu, ila ilikuwa na ugonjwa mmoja. Katika hatua ya tatu, Mbeba Maji huingia kwenye kichumba kilicho chini ya ngazi kuchukua kizibo cha ndoo. Akishaingia, mlango hujifunga, na hapo hatoki tena. Unaweza kubofya mpaka kidole kiote sugu. Yeye hugonga mlango kwa kipaji cha uso, na maji hudondoka tone baada ya tone mpaka yaishe. Bisibisi alikuwa amehangaika na mlango huo kwa wiki sita.

Mwanzoni mwa mwezi, waliamua kuchangisha watu mtandaoni ili wapate kompyuta yenye nguvu zaidi. Kwa kuwa walikuwa watoto, shangazi, karani wa mapokezi katika zahanati, alikubali ukurasa ufunguliwe kwa jina lake.

"Masharti yasomeni nyinyi wenye macho mazima," alisema akicheka. "Mimi nawaamini."

Walikuta tovuti mbili za michango, wakaziita kwa rangi zake. Buluu ilitaka kwanza sehemu ya gemu ipelekwe, wakaguzi waicheze, ndipo ukurasa ufunguliwe. Tena lengo lisipotimia kufikia siku ya mwisho, kila mtu hurudishiwa mchango wake. Njano haikuwa na wakaguzi. Kila kinachochangwa hukujia moja kwa moja, na wewe unatakiwa tu kuweka tiki mbele ya maneno haya: *Kazi yangu ipo kama nilivyoieleza.*

"Tuchukue Buluu," Kalamu alisema. "Watu watatuamini."

"Na wakaguzi wakifika hatua ya tatu?"

Kalamu aliutazama mlango wa kichumba kwenye skrini.

"Njano," Bisibisi alikata shauri. "Mlango nitautengeneza kabla mtu hajajua."

Alirekodi video ya gemu, akaikata pale Mbeba Maji anaposhika kitasa cha kichumba. Chini yake akaandika: "Gemu imekamilika. Umebaki muziki tu. Mtaipata mwisho wa mwezi." Kisha akaweka tiki.

Sasa zilikuwa zimebaki siku nne mwezi uishe, na mlango ulikuwa bado umefungwa.

Ujumbe ulimiminika. Mwalimu wa hesabu aliandika, "Naisubiri kwa hamu." Muuguzi wa zahanati akaandika, "Mwanangu anamuulizia Mbeba Maji kila asubuhi." Kila neno jema lilimwongezea Bisibisi deni. Kwenda mbele asingeweza, na kurudi nyuma ni kusema alidanganya. Darasani aliuona ubao kama ukuta. Nyumbani, mtu akimwita kwa nguvu kidogo, alishtuka.

Kila jioni, kabla ya kufunga karakana, baba alivua kofia akamshukuru Mungu kwa kazi ya siku. Bisibisi alifumba macho pamoja naye. Lakini sala yake iliishia kwenye "Ee Mungu" tu. Angeomba nini? Asaidiwe kuficha?

Alasiri hiyo shangazi aliingia karakanani na sare yake ya kazi. Kalamu alikuwa nyuma yake, amebeba mkoba wa mama yake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mama. Kaka, za kazi?" Shangazi alivuta kigoda. "Leo daktari mwenyewe kaniuliza mbele ya wagonjwa, 'Karani, gemu yenu vipi?' Nikamjibu, 'Imekwisha, daktari. Wanangu hawasemi uongo.' Haya, nionyesheni. Na mimi nijue ninachokitetea."

Kalamu aliinama kando ya sikio la Bisibisi. "Acha acheze hatua mbili. Kisha zima, useme kompyuta imepata moto."

Shangazi alicheza kwa vidole viwili, huku akipiga kelele kila ndoo ilipoyumba. "We! Simama wima, unamwaga maji ya watu!" Hata baba aliacha kupiga randa ili acheke. Hatua ya kwanza ikapita, na ya pili. Kichumba cha ngazi kikatokea. Kidole cha Bisibisi kilikuwa tayari juu ya swichi ukutani.

Alimtazama shangazi yake anavyofurahi, akakumbuka maneno aliyomwambia daktari. Kidole kikashuka.

"Usiingie humo, shangazi," alisema. "Humo hakuna kutoka."

Aliyasema yote: mlango, video iliyokatwa, tiki. Alieleza hata tovuti ya Buluu na sababu ya kuikwepa.

"Na mimi nilijua," Kalamu alisema, macho yake yakitazama maranda.

Shangazi aliondoa vidole kwenye kibodi. "Kwa hiyo nimemdanganya daktari."

"Si wewe, shangazi. Ni mimi."

"Jina lililoandikwa pale ni la nani?"

Bisibisi aliufungua ukurasa wa Njano, jina la shangazi likiwa juu. Shangazi akauliza tena, taratibu, "Michango mmeigusa?"

"Hata kidogo."

"Basi inarudi yote, leo. Na ukweli utauandika kwa mkono wako, mimi nikiwa nimekaa hapa."

Bisibisi aliandika: "Gemu haijakamilika, na nilijua. Video niliikata makusudi ili msione pale tunaponasa. Shangazi hakujua lolote. Tunawarudishia michango yenu. Tusameheni." Kabla hawajaondoka, mtu mmoja alikuwa amejibu: "Matapeli wadogo." Bisibisi alilisoma neno hilo mara mbili. Angeweza kulifuta, lakini aliliacha. Asubuhi iliyofuata alipitia zahanati, akasimama mbele ya daktari na kumwambia mwenyewe. Daktari hakumkaripia. Alisema tu, "Afadhali umekuja," akamwita mgonjwa aliyefuata.

Jioni baba alifuta mikono yake. "Hebu nionyeshe huo mlango."

Alimtazama Mbeba Maji akigonga kichwa, akakunja uso. "Unafungukia wapi?"

"Ndani."

"Na huyu bwana kasimama wapi?"

"Nyuma yake."

"Ana nafasi ya kurudi nyuma?"

"Hana. Kichumba ni chembamba, anaenea yeye na ndoo yake."

Baba alicheka mpaka vumbi la mbao likamdondoka kwenye nyusi. "Sasa mlango utafungukaje, na yeye mwenyewe ndiye kizuizi? Stoo yangu ile pale niliifanyia kosa hilohilo nikiwa kijana. Niliingia na mbao, mlango ukajifunga, mbao zikaangukia nyuma yake. Nilipiga kelele mpaka fundi viatu wa jirani akaja na shoka! Chumba chembamba, mlango hufungukia nje."

Bisibisi alibadilisha mstari mmoja tu wa maelekezo yake. Mbeba Maji akasukuma, mlango ukafunguka, akatoka na kizibo mkononi. Kalamu alirukaruka mpaka kopo la misumari likaanguka.

"Wiki sita," baba alisema. "Mimi milango ndiyo kazi yangu, na hukuniuliza?"

"Niliogopa, baba. Ningekuuliza ungejua haijakamilika, na tulikwisha kusema imekamilika."

Safari hii walichagua Buluu. Walizijaribu hatua zilizobaki moja baada ya nyingine, wakaeleza ukurasani kilichopo na kisichokuwepo, na picha ya kichumba wakaiweka juu kabisa. Wakaguzi waliandika: "Hatua ya nne ilitusumbua kidogo, lakini tulitoka." Baadhi ya wachangiaji wa kwanza hawakurudi. Mwalimu wa hesabu alirudi, na daktari pia. Lengo, ambalo safari hii walilipunguza, lilitimia ikiwa imebaki siku moja.

Siku kompyuta mpya ilipowekwa mezani, shangazi ndiye aliyeketi kucheza kwanza. Alifika kwa bibi wa chumba cha juu na nusu ndoo, akainua mikono kama bingwa. Kisha akawageukia watoto.

"Kosa la mlango lilikuwa dogo," alisema. "Fundi wa kulirekebisha alikuwa hatua tano kutoka ulipokaa. Uongo ndio uliokuzuia kumwita. Mtu mkweli akikwama, anaweza kupaza sauti asaidiwe. Mwongo hukwama kimya kimya. Mmenielewa?"

"Tumeelewa, shangazi."

Baba alikuwa amekwisha kuvua kofia. Walifumba macho, na safari hii sala ya Bisibisi ilikuwa ndefu kiasi kwamba wenzake walisema "Amina" na kumngoja.