Maji ya Misumari

Kila alfajiri Lulu alikuta tone la damu kwenye mto wa mumewe, na chumba kikinuka chuma. Nasibu, fundi simu wa katikati ya mji wa Durban, alicheka tu. Alichoka upesi na vidole vilimuuma, lakini kazi alifanya.

Mama mkwe alipopigiwa simu Tanga hakushtuka. "Huyo ni mgeni wa ukoo wetu, mwanangu. Mwacheni."

Penye wazee haliharibiki neno, ila mzee alikuwa Tanga na hofu ilikuwa Durban. Alfajiri moja Lulu alilala macho wazi, akasikia mfyonzo wa taratibu kama wa mtoto anyonyaye, ukasogea shingoni mwa Nasibu, ukakoma, ukaanza tena, naye akitaka kutaja jina la Mungu ulimi ukamganda, mpaka teksi ya kwanza ilipopiga honi barabarani na godoro likainuka, kana kwamba mtu aliyeketi ameondoka.

Akamwendea Désiré, mganga Mkongo wa mtaa wa Cato Manor.

"Iko jini inakunywa damu yake, mama," alinong'ona. "Jini inaogopa chuma. Weka misumari ku mulango na ku dirisha. Na yeye akunywe maji ya misumari."

Lulu akapigilia misumari mlangoni na dirishani, mingine akailoweka kwenye maji ya ndimu, akamnywesha mumewe kila siku kwa mkono wake. Damu ikakoma, akashukuru. Lakini miezi ilivyopita ngozi ya Nasibu ikageuka rangi ya kutu, tumbo likajaa, moyo ukawa unadunda ovyo, na nje ya dirisha kitu kikakwaruza kioo usiku kucha, kikibembeleza kufunguliwa.

Hospitalini daktari, naye Mkongo, alimshika bega. "Dada, mwili yake ilizaliwa haijue kutoa chuma. Imejaa ku maini na ku moyo. Dawa yake ni kumutoa damu kidogo kidogo. Nashangaa aliishi miaka hii yote bila kutolewa."

Lulu alijua nani alikuwa akimtoa damu hiyo.

Nasibu alizikwa Ijumaa. Alfajiri iliyofuata mkwaruzo ulirudi dirishani, safari hii polepole. Lulu aling'oa misumari yote kwa koleo, mikono ikichubuka, akafungua mlango.

"Ameshaondoka," alinong'ona. "Nimemuua mimi, na nilimpenda. Ingia."

Godoro likabonyea upande wa Nasibu. Lulu akajilaza kando, akanyoosha mkono kuugusa mto wa mumewe. Ulikuwa umelowa machozi yasiyo yake.