Seli Shina Hazinywewi

Semei alipoanza kulia kwa maumivu ya mifupa, Phanice aliacha kufua. Aliingia ndani, akatoka, akaingia tena. Mdogo wake alizaliwa na sikoseli, ugonjwa wa damu. Maumivu yakimshika, nyumba yao ya Namatala, mjini Mbale, haitulii.

Baba yao, Wabwire, muuza mitumba, alirudi kutoka Jinja na chupa.

"Ni dawa ya seli shina," alisema. "Inaleta damu mpya. Semei aache vidonge vya hospitali."

"Baba, twende kwanza tukaulize," Phanice alisema. Tayari alikuwa amembeba Semei mgongoni.

Kliniki walimkuta Daktari Nabalayo, mzaliwa wa Mbale, anayetafiti upandikizaji wa seli shina. Alimpa Semei dawa ya maumivu, kisha akaitazama chupa.

"Mzee Wabwire, seli shina ndizo zinazozaa damu. Zinakaa ndani ya mifupa, kwenye uboho. Hazinywewi."

"Basi nimekuwa mjinga."

"Hapana. Wewe ni baba unayehangaika. Uponyaji upo. Tunachukua seli shina za ndugu zinazolingana na za mgonjwa, tunazitia mshipani mwake, kwenye hospitali kubwa. Lakini kuna hatari, na si kila ndugu anafaa. Hilo ndilo ninalotafiti. Kwa sasa, vidonge vyake kila siku na maji mengi. Akipata homa, mlete mara moja."

Phanice hakuweza kunyamaza. "Daktari, wewe ulifikaje kwenye utafiti huo?"

"Kwa safari ndefu. Nilisomea udaktari, nikafanya kazi chini ya madaktari wakubwa. Nikarudi kusomea magonjwa ya watoto, halafu ya damu. Utafiti wangu wa kwanza haukufaulu. Nikaanza upya."

"Hukuchoka?"

"Nilichoka sana. Ila watoto waliendelea kuja."

Baadaye Phanice alipimwa. Seli zake hazikulingana na za Semei. Alilia njia nzima. Lakini shule ilipofunguliwa, alichagua baiolojia na kemia, masomo aliyokuwa akiyaogopa.

Siku hizi Semei hakosi shule ovyo, kwa sababu hakosi vidonge. Phanice yuko mwaka wa kwanza wa udaktari. Akipiga simu nyumbani, hasalimii kwanza.

"Baba, Semei amekunywa dawa?"

"Amekunywa, daktari," Wabwire anamjibu.