Ungeniuliza Tu

Jumamosi asubuhi, katika soko la mtaa wa Trakia mjini Plovdiv, foleni ya banitsa, ule mkate wa matabaka wenye jibini, ilikuwa imejipinda mpaka kwenye mapipa ya kabichi ya siki. Kamen alichukua kipande cha mwisho kilichokuwa bado cha moto. Nyuma yake mwanamke mmoja akasema, tena si kwa kunong'ona, kwamba mtu mwenye meno kama yale angejihurumia akanywa uji.

Kamen aligeuka. Mwanamke alivaa koti la kijani na skafu ya manjano, mashavu yamemwiva kwa baridi, na usoni hana dalili ya kujuta. Akajieleza: kazi yake ni kutengeneza meno ya bandia, kwa hiyo akikutana na mtu huyaona meno kabla ya sura. Kamen akakigawa kipande chake, wakala wamesimama, jibini inawachuruzika vidoleni. Jina lake Temenuga. Jioni ile Kamen alitabasamu peke yake kwenye lifti, midomo ameifumba, maana meno yalishaanza kumtia haya.

Alikuwa na haki ya kutabasamu, maskini. Tangu mama yake afariki alikuwa akila amesimama mbele ya jokofu, na siku nzima husemeshwa na wateja wenye hasira tu. Alikuwa fundi wa kampuni ndogo ya intaneti iliyounganisha maghorofa ya mtaa ule. Wiki iliyofuata ghorofa moja likakatika mtandao, akatumwa, akabisha hodi, na aliyefungua ni Temenuga.

"Umefuata intaneti au umefuata meno?" akamuuliza.

Basi hapo yakaanza. Kila jioni simu. Temenuga alimwita fundi wangu, akamtania kwamba anakoroma hata akiwa macho, na Kamen, ambaye hakuwa mtu wa maneno, akajikuta anasimulia hadi alichokula. Usiku mmoja Temenuga akamweleza kwa nini alimwacha mumewe. Kila akienda kuoga, mume huchukua simu yake na kuisoma yote. Alisema hataki dhahabu wala safari. Anataka mtu wa kumwachia mlango wake aufunge mwenyewe. Kamen akamwambia kwake atapata hilo, na alimaanisha.

Lakini kazini kulikuwa na ukurasa wa kutafutia hitilafu. Ukiufungua, unaona kila nyumba imeingia tovuti zipi. Yaliyomo ndani huyaoni, unaona jina la tovuti tu. Bosi aliweka sharti moja: haufunguliwi mpaka mteja alalamike. Temenuga hakuwa amelalamika. Alikuwa amekaa siku tatu bila kupiga simu, akipigiwa anajibu kwa mkato kwamba amechoka. Kamen akaangalia huku na huku, akafungua.

Treni za kwenda Varna, mji wa pwani. Vyumba vya kupanga Varna. Hospitali moja ya Varna, mara nyingi, hadi usiku wa manane. Mtu mwingine angejiuliza nani mgonjwa. Kamen, kwa kuwa wivu ulishampanda kichwani, akapata jibu lake papo hapo: Temenuga ana mwanamume mwingine, na huyo ni daktari. Mtengeneza meno na daktari, tena wa ufukweni! Tangu hapo akaacha kupokea simu, moyo unamuuma, na hakuna mtu wa kumwambia. Siku alipopokea, Temenuga alikuwa na sauti ndogo.

"Kamen, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Msalimie daktari wako wa Varna."

"Nani kakutajia Varna?"

Angeweza kudanganya. Ulimi ukakataa.

"Niliona," alisema. "Kazini. Treni, vyumba, hospitali."

"Baba yangu ndiye kalazwa Varna," alisema Temenuga polepole. "Hatujasemezana tangu nilipomwacha mume wangu, maana yeye alisimama upande wa mume. Nilikuwa natafuta ujasiri wa kukuomba unisindikize. Ungeniuliza tu."

"Mpenzi, nisikilize..."

"Mume wangu angalau alikuwa anaishika simu, nikitoka kuoga namkuta nayo. Wewe nakaa nakusimulia siku yangu, kumbe unayo tayari."

Akakata. Kamen alibaki ameshika simu sikioni kama vile kuna mtu bado.

Kesho yake alimwomba bosi afute nywila yake ya ule ukurasa. Bosi akacheka, akafuta. Kamen akaomba kazi za nje, akawa mtu wa kupanda mapaa na kuvuta nyaya kwenye upepo. Siku moja alikuwa juu ya ghorofa linalotazamana na la Temenuga, taa ya jikoni kwake ikawaka. Kamen akageuka akafanya kazi upande wa pili mpaka vidole vikafa ganzi. Majira yote ya baridi yalipita hivyo, na simu yake haikulia ila kwa wateja.

Ikafika Jumapili ya Matawi, ambayo kwao ni sikukuu ya kila mwenye jina la ua, na Temenuga ni ua la urujuani. Siku ya jina haina mwaliko. Anayetaka huja, na mwenyeji hafukuzi mtu. Kamen akanyoa, akavaa shati jeupe, akanunua tulipu saba.

Kwenye mlango wa jengo palibandikwa tangazo la msiba: picha ya mzee, utepe mweusi, na jina la ukoo la Temenuga. Mzee alikuwa amezikwa wiki iliyopita. Juu ghorofani hakukuwa na kicheko wala harufu ya chakula, maana nyumba ya msiba haisherehekei. Kamen alisimama pale na maua yake ya witiri, maua ya walio hai. Wafu hupewa shufwa. Akachomoa moja, akapanda ngazi.

Temenuga alifungua akiwa amevaa nguo nyeusi, nywele hazijachanwa.

"Haya sita ni ya baba yako," alisema Kamen. "Nimesoma hapo chini sasa hivi. Nilikuja kwa ajili ya jina lako. Sikujua."

Temenuga akalitazama shati jeupe, kisha lile ua la saba.

"Mtaa mzima ulijua," alisema. "Nilitafuta jeneza, kasisi, gari la kumleta, yote kwenye intaneti yenu. Kila nikifungua kitu najiambia, Kamen anaona."

"Sijaona chochote."

"Ndiyo. Ungeona, usingekuja umevaa hivyo."

"Ulimwahi akiwa hai?" Kamen akauliza.

"Nilimwahi. Nilikaa naye siku mbili, peke yangu, ananishika mkono." Akapokea lile ua moja kwanza. Machozi yakamtoka. "Na siku zote mbili, Kamen, nilitamani ungekuwa bado unaniangalia."

Kisha akampisha mlangoni.