Hesabu ya Mtu Mmoja

Ukumbi wa ghorofa ya saba ulijaa hadi watu wakakaa madirishani. Waajiri walikuwa wamewakusanya wafanyakazi wao wote waliovuka miaka arobaini, waje waelezwe habari za uzee kana kwamba uzee ni ugonjwa mpya ulioingia mjini. Bi Miwani, kama walivyomwita kazini kwake kwenye duka la miwani, alipata kiti cha mwisho, kando ya mwanamume mwenye ovaroli ya bluu na weusi wa grisi kwenye kucha. Akalivuta kidogo gauni lake la rangi ya maziwa.

"Usiogope, dada," mwanamume akamnong'oneza. "Nimenawa mara tatu."

"Ungenawa ya nne ungepungukiwa nini?"

Akacheka kimyakimya, mabega yakitikisika. Bi Miwani akajikuta naye anatabasamu, na hilo lilimkera, maana hakuja pale kutabasamu.

Mtoa mada aligawa vikaratasi. Kila mtu aandike ana akiba kiasi gani ya uzeeni, asiandike jina, akunje, atumbukize kwenye boksi. Bi Miwani alikuwa na miaka arobaini na saba. Ukweli wake ulikuwa milioni mbili na laki tatu, kwa sababu miaka minane nyuma, alipoacha kazi yake ya kwanza, alichukua mafao yote akamsomesha nayo binti yake. Hakuna ambaye angejua kaandika nini. Hata hivyo aliona haya mbele ya kipande cha karatasi, ndiyo ujue haya haina akili. Akachomoa kalamu mkobani, akaandika: milioni arobaini.

Mtoa mada akaanza kusoma kwa sauti. Laki sita. Milioni tatu. "Sijui." Kisha: "Sifuri." Ukumbi ukaangua kicheko, na mwenye ovaroli akainama ghafla kufunga kamba za kiatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

"Milioni arobaini!" alisoma mtoa mada, watu wakapiga miluzi. "Tena huyu kaandika kwa wino mwekundu."

Bi Miwani alihisi uso unawaka. Alikuwa ametumia kalamu ya kazini, ile ya kuwekea alama kwenye vioo kabla ya kuvikata, na bado alikuwa ameishika. Mwenye ovaroli aliitazama kalamu, akamtazama yeye, akatazama mbele kwa adabu zake zote.

"Mimi ndiye Sifuri," alimwambia walipokuwa wanashuka kwa lifti. "Na ni fundi lifti, kwa hiyo humu ndani uko salama."

"Sikukuuliza."

"Na wewe ndiye Tajiri."

Hapo ndipo angesema ukweli. Sentensi moja tu ingetosha. Lakini lifti ilikuwa na watu tisa, na yule bwana alikuwa na macho ya upole kupita kiasi. Walipofika chini Bi Miwani alikuwa ameshampa namba yake ya simu.

Miezi mitano ikapita hivyo. Kila siku saa saba mchana, simu inaita.

"Tajiri wangu, umekula?"

"Nimekula, Sifuri. Uko wapi?"

"Juu ya lifti, kati ya ghorofa ya tisa na ya kumi. Nakupenda kutokea huku."

"Shuka kwanza ndiyo unipende."

Jumapili walitembea bustanini, fundi akiwa ndani ya shati jeupe lililopigwa pasi likakaribia kusimama lenyewe. Alilipa kila kitu, hata chai, na akikataliwa alinuna. Bi Miwani alimpenda. Alimpenda hadi akaanza kukosea vipimo kazini, na mteja mmoja akarudi akilalamika kwamba ngazi za nyumba yake zimeongezeka.

Aliyekuja kumtibulia ni mdogo wake.

"Dada, mwanaume ana miaka arobaini na tisa, hana hata senti ya uzeeni, anakuita Tajiri asubuhi na jioni, na wewe hushtuki?"

"Ananitania tu."

"Haya. Mwambie una milioni mbili, tuone kama utani utaendelea."

Basi Bi Miwani akavurugikiwa. Kama anapendwa kwa ajili ya milioni arobaini, basi hapendwi. Na milioni zenyewe hazipo! Kwa hiyo alikuwa anazionea wivu pesa ambazo hakuwahi kuwa nazo, kama mtu anayegombana na mke mwenza ambaye hajaolewa. Alimkasirikia fundi kwa uongo alioutunga yeye mwenyewe. Akiketi anakasirika, akisimama anamkumbuka, na katikati hapo hakujua ashike lipi.

Ndipo fundi akapiga simu, sauti yake nzito kuliko kawaida.

"Mpenzi, Jumamosi tukae tuongee habari ya uzee wetu. Kuna karatasi nataka uione. Inahusu zile pesa zako."

Karatasi. Pesa zako.

"Sikiliza, mimi hesabu zangu nimezipiga za mtu mmoja. Usijihesabu humo."

"Nimekuelewa," fundi alisema polepole. "Samahani kwa usumbufu."

Hakuelewa chochote, masikini, na Bi Miwani naye hakuelewa alichokuwa ametaka kusema. Wiki tatu nzima saa saba mchana ilifika, ikapita, simu haikuita.

Wiki ya nne uzalendo ukamshinda. Aliomba ruhusa kazini, akaenda kwenye jengo ambalo fundi alikuwa amemwambia angetengeneza lifti yake mwezi huo. Chini alikuta kibao: lifti haifanyi kazi. Akavua viatu vya kisigino, akavishika mkononi, akapanda ngazi ghorofa kumi na mbili, hadi kwenye chumba cha mitambo juu kabisa. Fundi aligeuka na spana mkononi.

"Nani kakuruhusu kupanda huku?"

"Sina milioni arobaini," Bi Miwani alisema huku anahema. "Nina mbili na laki tatu. Niliandika uongo. Sasa nipe maji."

Fundi akampa chupa, akakaa juu ya sanduku la vifaa.

"Huna?"

"Sina."

"Hata kumi?"

"Jamani, nimeshakwambia!"

Fundi akajikuna kichwa. Akatoa mfukoni mwa ovaroli karatasi iliyokunjwa mara nne, ina alama za vidole vya grisi, akampa. Ilichapwa vizuri, imepigwa mhuri wa wakili. Ilisema kwamba yeye, mume mtarajiwa, hatadai chochote katika akiba ya mkewe, na kwamba yote ni ya binti wa mkewe.

"Nilitaka nikuoe bila wewe kufikiri nimekuja kula uzee wako," alisema. "Sasa hata sijui nimekataa nini."

Bi Miwani aliisoma mara mbili. Mara ya tatu machozi hayakumruhusu, na katikati ya machozi akaanza kucheka, fundi akashindwa kujua kama ambembeleze au acheke naye.

"Na ile sifuri?" aliuliza akijifuta.

"Sifuri nayo... si kweli sana. Sijui nina ngapi. Taarifa wanatuma kila mwaka, miaka kumi na tisa, sijafungua hata bahasha moja. Naogopa."

"Unaning'inia ghorofa ya kumi, halafu unaogopa bahasha?"

"Kamba za lifti nazijua nguvu zake."

Jumamosi hiyo, kwenye chumba cha fundi chenye kitanda kilichotandikwa kikanyooka, Bi Miwani alikaa mezani na mkasi, akafungua bahasha moja baada ya nyingine. Fundi alisimama dirishani, kampa mgongo.

"Sema."

"Milioni tisa na laki moja."

"Ni nyingi?"

"Si nyingi. Hata tukijumlisha na zangu. Haimtoshi mtu mmoja kuzeekea, sembuse wawili."

Fundi akaitikia kwa kichwa, bila kugeuka. Bi Miwani alikuwa anazikusanya karatasi alipouona mstari wa mwisho, ulio sawa kwenye zote kumi na tisa. Mnufaika endapo mwanachama atafariki: hajatajwa.

"Miaka yote hii," alisema, "hukupata hata mtu mmoja wa kumwandika?"

"Niliona aibu. Ukimwandika mtu, siku moja atajua ni kidogo kiasi gani."

Bi Miwani akauweka mkasi chini.

"Mimi nimeshajua," alisema. "Niandike."