Mteja wa Mipini

Asubuhi moja ya mwaka wa kura, Kipkirui alifungua karakana ya useremala aliyoshirikiana na Wanyoike pale Elburgon akanusa mahindi yaliyoungua. Akagusa mota za mashine, akachungulia nyuma ya rundo la mbao. Moto haukuwepo, wala mahindi.

Mtu akamsalimu kutoka mlangoni kwa Kikipsigis, kwa lafudhi ya Olenguruone, alikozaliwa Kipkirui. Mgeni huyo alivaa koti refu lililofungwa hadi shingoni. Alitaka mipini mia mbili ya shoka.

"Shamba gani hilo?" Kipkirui akauliza.

"Si shamba. Mwenzako Wanyoike anawatengenezea watu wake. Wewe unangoja wakukute mikono mitupu?"

Kisha, kwa upole, akamtajia Kipruto, kaka yake aliyeuawa katika vita vya baada ya kura ya 2007, na mtaro alimoangukia. Kipkirui hakuwahi kumwambia mtu yeyote habari za mtaro ule.

Angemwambia Wanyoike. Miaka kumi na miwili walikuwa wamekereza miguu ya viti na vitanda katika karakana moja, wakinywa chai ya chupa moja. Hakumwambia. Kila Wanyoike alipotoka, alikereza mipini na kuificha chini ya maranda. Ile harufu ikamganda nguoni. Akaanza kutazama jinsi mwenzake anavyoshika patasi, na chai yake akaacha kuinywa.

Siku ya sita aliinama nyuma ya mashine ya Wanyoike kutafuta msasa, akavuta gunia, na chini yake akaona mipini, mingi, myeupe, imepangwa kama mifupa, urefu uleule na unene uleule na ile aliyoificha yeye, na alipogeuka, Wanyoike alikuwa amesimama nyuma yake na shoka mkononi.

"Hizi ni za nani?" Kipkirui akanong'ona.

"Na zile zako za chini ya maranda?"

"Za mteja."

"Hata zangu ni za mteja. Mtu wa kwetu. Anaongea Kikikuyu kama marehemu baba."

"Ana koti refu?"

Wanyoike akashusha shoka polepole. "Limefungwa mpaka shingoni. Aliniambia watu wenu wako tayari. Akanieleza vile baba alichomewa ndani ya ghala la mahindi. Mzee, hiyo hata mke wangu hajui."

Harufu ikajaa ghafla hadi macho yakawawasha. Yule mtu alikuwa mlangoni. Akauliza kama kazi imekwisha, na Kipkirui akasikia Kikipsigis, lakini alipotazama uso wa mwenzake ulivyosawijika akajua kwamba Wanyoike, kutoka kinywa kilekile, kwa pumzi ileile, alikuwa amesikia Kikikuyu.

"Sema na Kiswahili," Wanyoike akasema. "Sema tusikie wote wawili."

Kinywa kikafunguka. Hakikutoa neno. Kilitoa mlio wa moto ukila mabati na mbao, na jivu laini likamwagika kifuani mwake, naye akarudi kinyumenyume hadi juani, macho yake yakiwa kwao, mpaka pale aliposimama pakabaki patupu.

Waliikatakata mipini yote kwa msumeno, mmoja akishika, mwingine akikata.

"Twende tumwambie Sitati," Kipkirui akasema.

Karakana ya Sitati, mkereza mwenzao, ilikuwa ng'ambo ya barabara. Walipoingia alizima mashine haraka, akatupia turubai kitu kilichokuwa sakafuni.

"Umepata kazi kubwa?" Wanyoike akamuuliza.

"Ya kawaida tu."

"Ya nani?"

Sitati hakuwatazama. "Kuna mtu wa kwetu, wa huko Bungoma. Hamwezi kumjua."

Wakatoka, wakasimama barabarani. Tangu pale hadi mwisho wa mtaa, katika kila karakana, mashine za kukereza zilikuwa zikivuma.