Mkanda Uliokatika Mchangani

Kifuniko cha birika kilikuwa kikigongagonga jikoni, ti, ti, ti, na adhana ya alfajiri bado. Bi Mwaisha akakiinua upesi kisimwamshe binti yake. Kumbe Zuhura alikuwa macho zamani, yuko uani anapangusa vioo vya gari lake. Wote wawili walikuwa wakimfikiria Tatu, mdogo wake Bi Mwaisha, ambaye huko kijijini kwake karibu na mdomo wa Ruvuma alificha kidonda cha mguu mpaka jirani akapiga simu. Tatu hakuwa mtu wa kusumbua watu.

Kutoka kwao Likombe walikwenda kumchukua, wakafika salama. Kurudi ndiko kulikokuwa na mambo. Mvua iliharibu barabara ya ndani, wakaamua kupita pwani kama wenyeji wafanyavyo, juu ya mchanga mgumu unaobaki bahari ikitoka. Tatu alilala kiti cha nyuma, mguu umevimba hadi kung'aa, homa inamchemsha.

Wakiwa kati ya mikoko na maji, injini ikanyamaza. Haikukohoa, haikutoa moshi. Zuhura akapiga stata. Ikazunguka nyepesi, kama pedeli za baiskeli iliyochomoka mnyororo.

"Mkanda wa taimingi umekatika," akasema.

"Si ulibadilisha mkanda majuzi?"

"Ule wa nje, mama. Huu uko ndani, ndio unaozungusha injini kwa mpangilio, umefunikwa. Fundi Innocent alisikiliza injini, akasema imetulia, tusiuguse. Mpya uko kwenye buti tangu ninunue gari."

Bi Mwaisha hakumlaumu. Alikuwa anatazama bahari. Povu lililokuwa mbali lilikuwa limesogea.

"Maji yanajaa. Kwenye ile mikorosho ni juu?"

"Ni juu."

"Basi tusukume."

Walisukuma kwa nguvu zao zote. Magurudumu yakafika kwenye mchanga laini, yakazama. Maji yakaanza kulamba matairi ya nyuma.

"Niacheni mimi," Tatu akasema. "Nendeni nyie."

"Nyamaza, unywe maji," dada yake akamwambia, akimshikia chupa.

Ndipo wanawake wanne wakatokea mikokoni walikokuwa wakichokoa chaza, matenga kichwani. Aliyetangulia, Mwanahamisi, aliiona bahari ilipofika, lakini aliamkia kwanza. "Shikamoo bibi." Akachungulia ndani, akauona ule mguu, wala hakuuliza zaidi. Akamwaga chaza wake wote mchangani, akalilaza tenga tupu mbele ya tairi. Wenzake wakafanya vivyo hivyo.

"Dada, shika usukani. Bibi, kaa pembeni."

"Sikai," Bi Mwaisha akasema.

"Haya, sukuma basi, tuone ubishi wako."

Matenga yakavunjika, gari likapanda. Maganda ya chaza yalimchana Mwanahamisi unyayo, na walipofika kwenye mikorosho Bi Mwaisha alichana upindo wa kanga yake akamfunga.

Mume wa Mwanahamisi, Nuhu, alipigiwa simu, akaja na pikipiki na mfuko wa spana. Walijaribu kumkalisha Tatu kwenye pikipiki. Akalegea kama nguo mbichi. Hapakuwa na njia nyingine ila gari.

"Mimi ni fundi wa hizi," Nuhu akasema, akigonga tangi la pikipiki. "Mkanda wa gari sijawahi kuufunga. Lakini hata pikipiki ina alama zake ndani. Ya juu na ya chini zikikaa mahali pake, injini inapumua."

Bolti kubwa ya chini haikutaka kutoka. Zuhura akaingiza gia, Bi Mwaisha akakanyaga breki kwa miguu yote miwili, Nuhu akaning'inia kwenye bomba alilochomeka kwenye spana. Ikalia, ikaachia. Kifuniko kilipotoka, mkanda ukaanguka wenyewe, umekatika, umenyonyoka meno, umeloa mafuta.

"Na gari lilikuwa linanguruma vizuri tu," Zuhura akasema polepole.

Bi Mwaisha alimtazama mdogo wake, ambaye Mwanahamisi alikuwa akimpepea, kisha akageuza uso.

Walilinganisha alama, wakavisha mkanda mpya, wakaukaza. Zuhura akanyoosha mkono kwenye ufunguo.

"Bado," Nuhu akasema. Akazungusha injini kwa spana, raundi mbili. Alama ya juu ilikuwa imepita jino moja. "Tukiwasha hivi litakohoa, mlimani litakufa. Tunafungua tena."

"Mgonjwa anazidi, kaka."

"Ndiyo maana tunafungua tena."

Zuhura akashika spana. Mara ya pili alama zilikaa, zikazunguka, zikarudi palepale. Injini ikawaka. Hakuna aliyeshangilia, Mwanahamisi alitabasamu tu, akamfunika Tatu kanga yake mwenyewe, akakataa kurudishiwa.

Hospitalini mjini daktari alisafisha kidonda, akasema mguu utabaki, ila wangechelewa zaidi ya hapo ungekatwa.

Asubuhi iliyofuata Tatu aliomba uji. Zuhura alimnywesha, Bi Mwaisha akimshikia bakuli. Muuguzi alipotangaza muda wa kuona wagonjwa umekwisha, Bi Mwaisha akasimama akitafuta viatu. Tatu akamshika mkono.

"Dada, kesho mje tena," akasema. "Na yule Mwanahamisi, mpigieni. Mwambieni nimesema naye aje."